Jumamosi za Anti Naume

Ijumaa iliyopita nilijikuta nimesimama kwenye korido ya jengo ninamoishi, mifuko ya sokoni mikononi, nikinusa mlango wa watu. Sijivunii. Jirani mpya wa pale, ambaye hata jina sijalijua, alikuwa anapika mchuzi wa karanga na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na harufu ilikuwa imejaa mpaka ndani ya lifti. Bwana mmoja wa ghorofa ya juu aliniona nimeganda akaniuliza kama nimepoteza funguo. Nikamwambia hapana, namsubiri mtu. Ulikuwa uongo mdogo tu, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya Anti Naume, na nilipokuwa mtoto hukuweza kuisikia Ijumaa alasiri bila yeye kutokea nyuma yake akiuliza nani amekula na nani hajala.

Sisi tuliokulia Doha tukiwa watoto wa watu wa Afrika Mashariki tunajuana. Tulijua Kiarabu cha dukani kabla ya kujua lugha za bibi zetu, mvua ikinyesha tulitolewa nje kuiona, na hadi leo tukiulizwa kwetu ni wapi tunavuta pumzi kwanza. Mimi kwetu palikuwa Al Wukair, enzi ambazo barabara nyingi ziliishia mchangani na upepo ukivuma unakula chapati na vumbi pamoja. Tulikaa kwenye nyumba moja kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba vyumba kwa mbao, familia hapa, wapangaji wawili pale, kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitandani. Mama alikuwa nesi. Baba alifanya kazi huko kaskazini kwenye gesi na alilala kambini. Akija nyumbani siku zake chache za mapumziko, nyingi alizimaliza akiwa amelala na kofia usoni.

Anti Naume alikaa chini, chumba cha karibu na geti. Tulimwita Anti sote, hata wanaume wenye ndevu zao. Alikuwa ametoka Mbale, Uganda, mjane mwenye watoto wakubwa waliobaki nyumbani. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti nzito asiyoipaza hata kidogo. Kazini alikuwa msimamizi wa chumba cha sare katika hoteli moja kubwa mjini. Kazi hiyo ilimfanya awajue watu kwa viuno vyao. Ukimtajia meneja fulani atakuambia kwanza kwamba suruali yake imeongezwa kiuno tangu Ramadhani, ndipo akuambie kama ni mtu mwema.

Na kila mtu alijua jambo moja juu yake. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Anti Naume alizima simu akaiweka kwenye droo. Kuanzia hapo hapiki, hawashi taa, hapandi gari, hashiki kalamu, mpaka Jumamosi usiku nyota zionekane. Taa ya korido yake iliachwa inawaka tangu Ijumaa, na jiko la umeme liliachwa kwenye moto mdogo, sufuria zimefunikwa juu yake. Hotelini walikubaliana naye vizuri kabisa: yeye alishika zamu za wenzake Krismasi, Pasaka, Idi na mwaka mpya, na wao wakamwachia Jumamosi zake. Mama alisema hakuna mtu aliyewahi kupata mapumziko Doha kwa ujanja mzuri kama ule.

Watu wa nyumba yetu hawakuona ajabu yoyote. Kwa Mkenya au Mganda, mtu asiyefanya kazi Jumamosi ni Msabato, mazungumzo yamekwisha. Tena hakula nyama, hata mbuzi wa sherehe alimpita akaenda kwenye maharage. Samaki alikula, mradi awe na magamba, na kamba wa baharini hakuwagusa hata ukimwekea mezani wamekaangwa kwa vitunguu saumu. Yote hayo ni mambo ambayo Wasabato wengi wanayafanya. Kwa hiyo Anti Naume alikuwa Msabato, na Baba Kemunto, dereva wa basi la shule, Mkisii ambaye kweli alikuwa Msabato wa kuzaliwa, alimsalimia kila Ijumaa kwa fahari ya ndugu wa imani.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliyaona ni bora kuliko ya watu wazima. Niliamini Anti Naume huishiwa chaji. Wiki nzima alikuwa akipanda na kushuka ngazi, anapatanisha wapangaji waliogombania kamba ya kuanika nguo, anamtafutia mtu dawa, anampokea mgeni aliyetua bila koti wala namba ya mtu. Halafu Ijumaa jioni anazimika. Anakaa kwenye kiti chake na gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la Kiganda, mishumaa miwili inawaka mezani, hagusi kitu. Jumamosi usiku anawaka tena. Simu ya mama ilikuwa na tabia hiyohiyo, sikuona kwa nini mtu asiwe nayo.

Basi yule mama Mfilipino wa chumba cha pili, aliyekuwa akinishika mama akiwa kazini, alipata kazi Umm Salal akahama. Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa na zamu za asubuhi, za alasiri na za usiku, zinabadilika wiki kwa wiki, na ghafla hakukuwa na mtu wa kunipokea nikitoka shule. Mara moja alinichukua hadi hospitalini nikakaa chumba cha kubadilishia nguo na kitabu cha kupaka rangi, mpaka mudiri wake, bosi wa wodi, akapita, akaniona, akamwita mama pembeni. Hakumfokea. Mama alirudi amenyooka mgongo, akafunga kitabu changu.

Nyumba yetu ilikuwa na grupu ya simu. Mama akaandika humo, kwa adabu zote, kwamba anaomba msaada wa kumshika mtoto. Majibu yakaja kwa wingi: pole sana dada, mikono ya kuomba, maua, Mungu atafungua njia, tuongee wikendi. Mtu mmoja aliweka picha ya machweo yenye maandishi ya kutia moyo. Wikendi ikafika, ikapita. Mama alimsomea baba majibu yale kwenye simu huku akicheka, ila hakikuwa kicheko chake ninachokijua.

Kupitia ukuta wa mbao nikasikia uamuzi. Nesi mwenzake alikuwa anasafiri kwenda Kenya Jumamosi jioni. Angenipeleka, nikakae Kericho kwa bibi, mpaka mambo yakae sawa. Sikuwa na ugomvi na bibi. Alikuwa na ng'ombe na alinitumia salamu. Lakini nilikuwa na rafiki zangu wawili darasani walioambiwa mpaka mambo yakae sawa, na madawati yao yalikuwa yamekaliwa na watoto wengine zamani. Niliogopa. Sikutaka ng'ombe, nilimtaka mama, hata huyo wa zamu za usiku anayelala mchana na kuniambia nicheze kimya.

Ijumaa jioni mama alikuwa anakunja nguo zangu kitandani. Nikachomoa chaja yake ukutani, nikatoka kama naenda chooni, nikashuka ngazi mbio.

Mlango wa Anti Naume ulikuwa wazi kama Ijumaa zote. Mishumaa ilikuwa inawaka, na mezani alikuwepo Mafabi, askari wa geti la jengo la jirani, kijana wa kwao Mbale aliyependa kula kwake Ijumaa. Nikaeleza yote kwa pumzi moja: kwamba naondoka kesho, kwamba yeye peke yake ndiye mama anayemsikiliza, kwamba ampigie simu sasa hivi. Na kama tatizo ni chaji, nikasema, hii hapa, nimekuja nayo. Nikamnyooshea chaja. Sikuwa na hakika pa kuichomeka, kwenye simu au kwake mwenyewe, na nadhani macho yangu yalikuwa yanatafuta tundu.

Anti Naume alicheka mpaka akavua miwani. Mafabi alilazimika kuweka kijiko chini. Nilisimama pale na waya wangu, machozi yananitoka, na alipoyaona akaacha kucheka, akanivuta magotini.

"Simu sipigi mpaka kesho nyota zitoke," akasema. "Lakini miguu yangu nani aliikataza?"

Akainuka, akavaa ndara, akamwambia Mafabi aje. Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekosekana wiki nzima. Kila mtu alikuwa amemjibu mama kwa kidole gumba. Hakuna aliyekuwa ameulizwa akiwa amesimama mlangoni kwake, anatazamwa usoni na mwanamke asiye na haraka.

Tulianza kwa Mama Salma, Mmombasa ambaye mume wake alikuwa bandarini na ambaye alikuwa na watoto watatu wa kwake. Alifungua mlango mikono ina unga. Anti Naume hakumwomba kitu. Alimuuliza tu kama Jumatatu na Jumatano huwa yuko nyumbani. Mama Salma akasema yupo, ataenda wapi na joto hili. Basi, Anti akasema, Chela atakula kwako siku hizo akitoka shule. Njoo umwambie mama yake mwenyewe. Mama Salma akauliza kama ni sasa hivi. Anti akasema ni sasa hivi, na wala hakusogea pale mlangoni. Mama Salma akaitazama mikono yake, akanitazama mimi na chaja yangu, akaenda kunawa. Alikuwa ndiye aliyetuma maua.

Kwa Baba Kemunto walikuwa wanaimba. Alitutokea na shati jeupe, uso umejaa furaha, akamtakia dada yake Sabato njema. Halafu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza Anti kufika mlangoni kwake jioni ya Sabato, akauliza alichokuwa amekitunza muda mrefu: mbona hajawahi kumwona ibadani, anasali na kundi gani?

"Si Msabato mimi, Baba Kemunto," Anti akasema. "Mimi ni Myahudi."

Baba Kemunto akashika kizingiti. Akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye ndara. "Myahudi Myahudi?"

"Myahudi tu. Wa Mbale."

Mama Salma, aliyekuwa amemlisha Anti mahamri mwaka mzima akidhani anamlisha Mlokole wa aina fulani, aliweka mkono kifuani. Mafabi akasema yeye alijua, kwao wanakaa kilima cha pili kutoka kwa baba yake, watu wazuri, wanaimba. Wote wakamgeukia kumuuliza kwa nini hakusema. Akasema hawakumuuliza. Anti naye akasema hivyohivyo, kwamba walimpa dini tangu siku ya kwanza, na ilimkaa vizuri, sasa angeanzaje kuirudisha.

Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko wote. Wayahudi niliwajua kwenye kitabu cha kupaka rangi cha shule ya Jumapili, wana fimbo na kanzu, na nilidhani waliisha pamoja na Biblia ilipoisha, wao na Wafilisti. Nikamuuliza kama anamjua Musa. Akauliza Musa yupi, kwao wako wengi, mmoja anauza simenti.

Baba Kemunto bado alikuwa anafikiri. Unaweza kuona mtu akifikiri kwa haki, polepole, anavyopima. Mwishowe akasema, "Lakini siku ni ileile."

"Siku ni ileile," Anti akasema.

"Khalas. Basi twende." Akavaa viatu.

Mama alipofungua mlango akaona watu wanne wazima wamejipanga kwenye ngazi bila kupiga simu, alikaa chini kwenye kitanda. Kwenye nyumba ile watu hawakuja kwa kundi ila kwa jambo moja. Akauliza ni nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, nyabo," Anti Naume akasema. "Tumekuja kusema siku zetu."

Na wakazisema, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, mbele ya wenzao, kwa sababu Anti hakuweza kuandika jioni ile na hakumruhusu mtu mwingine amwandikie. Mama Salma akasema Jumatatu na Jumatano. Mafabi, ambaye alilinda usiku, akasema Jumanne na Alhamisi baada ya shule, atanisimamia kazi ya nyumbani, ila hesabu za vipande vipande hazijui. Baba Kemunto akasema basi lake linapita karibu na shule yetu, ataomba ruhusa anibebe mpaka mlangoni, na Jumapili mke wake yupo. Mtu anayesema siku yake mbele ya majirani zake hawezi kuja kusema alidhani ni wiki nyingine. Hilo nimelijua baadaye; jioni ile nilikuwa nahesabu siku kwa vidole nikiona wiki inajaa.

Mama alisikiliza. Mama yangu ni mtu wa fahari, amelea wadogo zake watano bila kumwomba mtu chumvi, na niliona uso wake unavyojifunga. Aliwashukuru. Akasema watu wana watoto wao na shida zao. Akasema Ijumaa baba anaweza kuja, labda, lakini Jumamosi anapangiwa zamu karibu kila wiki, na Jumamosi hakuna aliyeitaja. Anti akasema Jumamosi ni ya kwake.

"Anti, nakuheshimu," mama akasema. "Lakini nikiwa wodini, mtoto akaugua, nikikupigia simu iko kwenye droo."

"Ukinipigia sitapokea," Anti Naume akasema. "Ukija utanikuta."

Mama akaokota nguo yangu nyingine kitandani.

"Mama Salma ana simu. Baba Kemunto ana gari. Mimi nina mlango," Anti akaendelea, kwa sauti yake ileile. "Tangu jua lizame Ijumaa mpaka Jumamosi usiku siendi popote, hakuna mudiri wa kuniita, hakuna zamu ya ghafla. Niambie ni nani mwingine Doha nzima anayeweza kukuahidi hivyo."

Na kweli hakuwepo. Mji mzima ulikuwa wa watu wanaoweza kuitwa wakati wowote. Hata baba yangu alikuwa wa kuitwa. Mama aliitazama nguo yangu iliyokuwa mkononi mwake, akaikunja, akaiweka na nyingine. Akasema atafikiria.

Nilipanda kitandani nikiwa nimekata tamaa kabisa, maana atafikiria ya mama nilikuwa naijua. Ilikuwa imeshakula baiskeli moja na paka wawili.

Nikatize hapa, kwa sababu wengi wenu mtakaosoma mmekula kwenye meza ya Anti Naume au mmefikiwa mlangoni na mtu aliyetumwa naye, na nadhani hamjui kwamba mambo yale yalianza na mtoto mwenye chaja. Kutoka Ijumaa ile watu walishika desturi ya kusema siku. Mpangaji mpya akihamia, mtu anamfikia kwa miguu, anamuuliza siku gani anaweza kutoa. Mmoja anatoa Alhamisi ya kumpikia mgonjwa, mwingine anatoa asubuhi ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege, mwingine anajua kusuka tu, basi anasuka watoto. Waliohamia Al Wakrah wakaenda nayo, waliohamia Umm Salal wakaenda nayo. Dada mmoja wa kazi za nyumbani, ambaye alikuwa na saa chache tu za Ijumaa, alisema saa zake na zikaheshimiwa sawa na siku nzima ya mhasibu. Ilifika mahali wanaume fulani wakataka jina, mwenyekiti na fulana zenye nembo. Anti aliwaambia fulana zishonwe siku mtu wa kwanza atakaposahau zamu yake, ili tumvishe. Fulana hazikushonwa.

Mwenyewe alinieleza, nilipokuwa mkubwa kidogo, alikojifunza. Babu zake walikuwa wakulima wa milimani waliosoma Maandiko wakaamua wenyewe kuwa Wayahudi, bila kutumwa na mtu, na wakashikilia. Alipokuwa msichana imani yao ilipigwa marufuku. Hawakuweza kutangaza ibada wala kugonga kengele, kwa hiyo mama yake alijitwika kikapu cha ndizi, akaenda nyumba hadi nyumba kama anauza, na kila mlango akasema kwa sauti ya chini watakutana kwa nani. Ndizi zilirudi zote. Anti alisema alikua bila kujua kwamba kuna njia nyingine ya kukusanya watu, na alipofika Doha na kuona magrupu yetu alidhani ni michezo ya watoto. Alinieleza haya anakata uzi wa kifungo kwa meno, kama anasimulia mambo ya sokoni. Siku hizi amerudi Mbale, yu mzima, anasumbua wakubwa wa huko kuhusu nyumba ya kujifungulia akina mama, na ninajua wataijenga kwa sababu anawafikia kwa miguu. Mimi humpigia Jumapili.

Lakini Jumamosi ile.

Mama aliniamsha alfajiri, akanivalisha viatu vipya vya safari, akanishika mkono tukashuka. Sikuthubutu kuuliza tunaenda wapi. Aliniacha kwa Anti, akamwambia atarudi saa tisa, akaenda zamu yake. Mezani kulikuwa na maharage, matoke na ule mchuzi wa karanga, vyote vya moto tangu jana bila mtu kuwasha chochote, na kufikia saa nne chumba kilikuwa kimejaa watoto, wa Mama Salma, Kemunto akiwa na gauni la kanisani, na wengine niliokuwa nawasikia tu kupitia mbao. Walicheza, walimwagiana maji, Anti akawaamua bila kuinuka. Mimi nilikaa kwenye zulia na viatu vyangu. Nilikuwa nawaza kwamba nikivivua nitakuwa nimesahau, na nikisahau ndipo watanichukua. Anti aliniambia mara kadhaa nikacheze. Nikamwambia nasubiri.

Mama alirudi saa tisa na nusu. Nesi yule mwingine hakuwa naye, na sikujua kama hiyo ni ishara njema au kwamba anatusubiri mjini na teksi. Mama alisimama mlangoni akaangalia kelele zile zote, watoto, sufuria, maji sakafuni. Anti akamwonyesha kiti kwa kidevu. Mama akakaa. Akala sahani nzima, akaongezewa, akaila nayo, na sikuwahi kumwona akila akiwa amekaa tangu yule mama Mfilipino ahame. Halafu akaegemea kwenye kochi, sare yake bado mwilini na saa yake ya kubana kifuani, akafumba macho kidogo tu, na kidogo ile ikawa usingizi.

Anti Naume akaweka kidole mdomoni, watoto wakashusha sauti kama wamefunikwa na blanketi. Hakuna aliyemwamsha. Nilikaa chini karibu na miguu yake nikiangalia dirisha. Saa kumi ikapita. Mwangaza ukaanza kuwa wa dhahabu, kisha wa kijivu, msikiti ukaadhini, na kwa kuwa pale hapakuwashwa taa, giza liliingia ndani taratibu bila kumsumbua. Mama za watu wakaja kuchukua watoto wao, wakitembea kwa vidole. Nilikuwa najua ndege inaondoka jioni ile. Nilikuwa na hofu akiamka atakumbuka, na nilikuwa na hofu asipoamka atanikasirikia, na sikujua nimwombe Mungu lipi.

Ndege zinazotoka Doha nyingi hupita juu ya Wukair, unazisikia kwanza kwenye vioo vya madirisha. Hiyo ilikuja chini chini, vyombo vikalia kidogo juu ya jiko. Nikashikilia ukingo wa kochi. Mama akafumbua jicho moja, akaisikiliza mpaka ikapita yote kuelekea upande wa bahari.

"Hiyo ndiyo ilikuwa yako," akasema kwa sauti ya usingizi. "Sasa vua viatu."